Mzazi akiwa na mawazo, mtoto tumkinge vipi? Mwongozo kamili kwa familia za Bukavu

Nilikuwa na miaka tisa nilipovunja kioo cha taa ya mafuta. Wiki hiyo hiyo mama yangu alilala, akakataa kuamka. Vita vya 1996 vilikuwa vimepita juu yetu pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kila mtu mzima alikuwa na maelezo yake: malaria, mkono wa mtu, "ni mawazo tu, yatapita". Mimi hakuna aliyeniambia kitu, nikajitungia la kwangu: mama anaumwa kwa sababu ya kile kioo. Nilitembea na hesabu hiyo hadi nikaanza kusomea uuguzi.

Leo nahudumu kwenye kituo cha afya, na haipiti wiki sijampokea mama au baba ambaye "ana mawazo". Nikimsikiliza, mara nyingi nakuta sonona: huzuni isiyotoka, mwili mzito, kukosa hamu hata ya vitu alivyovipenda, kwa wiki mbili na zaidi. Au ni ugonjwa wa wasiwasi: moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika saa nane za usiku, hofu inakuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Kabla hajainuka kwenye kiti namuuliza: nyumbani kuna watoto wangapi, na wameambiwa nini? Jibu ninalolisikia sana ni hili: "Wale bado wadogo, muganga, hawaelewi."

Wanaelewa sana, ila wanaelewa vibaya.

Mtoto wa mzazi mwenye sonona ana hatari ya kuugua sonona kiasi cha mara mbili hadi tatu kuliko mwenzake. Mtafiti Myrna Weissman wa New York alizifuatilia familia za namna hiyo kwa miongo kadhaa, hadi wajukuu, na ndivyo alivyokuta. Sehemu ya hatari hiyo imo katika damu, sehemu mtoto anajifunza kwa kuangalia, na sehemu inatoka kwenye nyumba iliyovurugika: chakula kinachelewa, wazazi wanagombana, mtoto anaita haitikiwi. Damu hatuwezi kuibadilisha. Hayo mengine tunayaweza kwa kiasi, na watoto wengi wa wazazi wagonjwa hukua bila kuugua.

Hatua ya 1: Mzazi atibiwe kwanza

Watu hunijia wakitafuta "dawa ya mtoto", nami nawarudisha kwa mzazi. Mwaka 2006 huko Marekani yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliowafuata akina mama waliokuwa wakitibiwa sonona. Mama akipona ndani ya miezi mitatu, matatizo ya watoto wake nayo yalipungua. Mama akiendelea kuumwa, ya watoto yaliongezeka. Mwaka 2009 mtafiti Judy Garber na wenzake wakawachukua vijana 316 wa miaka 13 hadi 17, watoto wa wazazi waliowahi kuwa na sonona, na nusu yao wakapewa mafunzo ya kikundi: vikao 8 vya kila wiki, kisha 6 vya kila mwezi. Waliougua katika kundi hilo walikuwa kama 21 kwa 100, na kwa wasiopewa kama 33 kwa 100. Ila kama mzazi alikuwa mgonjwa wakati ule ule, faida ile haikuonekana. Huwezi kukausha sakafu wakati paa bado linavuja.

Uanzie kituo cha afya cha kartye yako. Uliza kama kuna muuguzi aliyefundishwa afya ya akili. Hali ikizidi uwezo wao, Bukavu tuna hospitali ya SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Zote tatu zinaendeshwa na watawa wa Kikatoliki wa Frères de la Charité. Najua wengi wanaogopa kuonekana langoni pale. Basi mpeleke ndugu yako asubuhi na mapema, mwende wawili, na majirani wakiuliza waambie mlikwenda hospitali. Si uongo.

Mambo mawili kuhusu dawa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwanza, dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla nguvu yake haijaonekana. Mgonjwa anayezitupa siku ya kumi kwa sababu "hazifanyi kitu" hajazijaribu. Na akishapata nafuu anaendelea nazo miezi 9 hadi 12, kisha anaziacha polepole, akielekezwa. Pili, valiamu ya farmasi ya pembeni ya njia: inalaza, lakini sonona haiiponyi, na baada ya wiki chache mwili unaizoea hadi kuikosa kunakuwa ugonjwa mwingine.

Si kila mgonjwa anahitaji vidonge. Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha wazee wa kike kukaa kwenye benchi na wagonjwa, kusikiliza, kisha kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ndogo. Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliokaa kwenye benchi zilipungua kuliko za wengine. Watu wa kabila la Washona huko wanauita ugonjwa huo "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Ukiwa na mama mtulivu kwenye shirika lako la kanisa au kwenye kikundi cha akiba, mwenye masikio na asiyetembeza maneno, umeshapata benchi.

Hatua ya 2: Uchawi utoke mlangoni

Hapa sizunguki. Mzazi akiugua ugonjwa wa akili, wapo watakaoanza kumtazama mtoto kwa jicho la pembeni: yule anayekojoa kitandani, yule mkaidi, yule aliyeota ndoto kabla ya msiba. Chumba cha maombi kikimtaja, nyumba nzima inamgeuka. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu kosa hilo. Lisome jambo hilo kwa sauti kwenye kikao cha familia ikibidi.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameacha, kupiga kelele usiku, tumbo kuuma kila asubuhi ya masomo: hizo zinaweza kuwa dalili za hofu (au za minyoo, kwa hiyo apimwe pia). Mwombeeni mzazi na mumwombee mtoto, sina ugomvi na sala. Atakayesema mtoto afungwe, anyimwe chakula au achapwe ili "kitoke", mwondoe mtoto hapo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Mwambie mtoto ukweli unaomtosha

Kama una nguvu za hatua moja tu, chagua hii pamoja na ile ya kwanza. Daktari William Beardslee wa Boston aliwachunguza vijana waliokua vizuri ingawa wazazi wao walikuwa na sonona. Walijua kwamba mzazi ana ugonjwa, walijua si wao walioleta, na walikuwa na watu na shughuli nje ya ugonjwa ule. Akatengeneza mfululizo wa vikao vya familia ambao baadaye Finland iliuchukua na kuutumia katika hospitali zake. Kiini chake unaweza kukifanya kwenye mkeka.

Chagueni saa ambayo mzazi hajalia na hakuna wageni. Isiwe usiku, maana mtoto atalala na maswali. Mikono ikiwa na kazi ni vizuri zaidi: mnachambua maharage, mnaosha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mzazi mwenyewe akiweza kusema, aseme. Akishindwa, mtu mwingine aseme naye akiwepo, ili mtoto aone kwamba ruhusa imetolewa.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6, maneno machache yanayohusu leo: "Mama anaumwa. Ugonjwa wake unamchosha na kumliza. Muganga anamsaidia. Leo shangazi atakupa chakula, na mama atalala hapa hapa." Mtoto wa umri huo anataka kujua nani atampikia. Atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Mjibu yale yale.

Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 11, sababu ndiyo inayomkosesha usingizi. Mwambie: "Ugonjwa huu unaitwa sonona. Hauonekani kama kidonda, lakini ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Hauambukizi kwa kushikana mikono. Si wewe uliyeuleta. Hata ungevunja sahani kumi, usingeuleta. Na si kazi yako kuuondoa, hiyo ni kazi yetu wakubwa na muganga."

Halafu muulize: "Wewe ulifikiri mama anaumwa kwa nini?" Ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie. Nimewahi kusubiri karibu dakika tano hadi mvulana mmoja akasema kwamba baba yake aliacha kula kwa sababu yeye alipata pointi mbaya za mwisho wa mwaka. Kila mtoto ana kioo chake cha taa. Mimi changu nilikuja kumweleza mama nikiwa na miaka 26, yeye akiwa amepona zamani. Akanikazia macho. "Kioo gani?"

Kijana wa miaka 12 na kuendelea usimhutubie. Muulize ameona nini, atakushangaza. Mwachie akasirike, kwa sababu amepoteza vitu vya kweli: karo iliyokwenda kwa dawa, mama aliyekuwa anacheka. Atauliza, "Na mimi nitaugua?" Usimwapie kwamba haitatokea. Sema: "Hatari yako ni kubwa kidogo kuliko ya wengine, ndiyo maana tunakufundisha mapema. Wengi hawaugui. Na ukianza kujisikia vibaya, utatuambia mapema, tutajua pa kwenda."

Na kuna maneno ya kuyafungia mdomoni. "Utaniua wewe." "Sasa wewe ndiye mume wangu humu ndani." "Yaliyomo humu usimwambie mtu." Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwani linamfungia mtoto ndani pamoja na ugonjwa.

Hatua ya 4: Mtu mzima wa pili

Mtoto awe na mtu mzima mmoja asiyeumwa, anayejua hali, ambaye anaweza kumwendea bila kuomba ruhusa: shangazi, mama mdogo, katekista, mwalimu, jirani wa parseli. Mmoja aliye imara anatosha kuliko watano wanaopokezana. Mwombeni waziwazi: "Baba Amani, huyu mtoto akikujia usiku, mpokee, kisha ndipo utupigie simu." Mtoto aisikie sentensi hiyo kwa masikio yake, na namba aiandike kwenye daftari, maana simu huzimika.

Hatua ya 5: Ratiba, na mzigo wa mtoto wa kwanza

Nyumba yenye sonona inapoteza saa. Rudisheni vitu vitatu tu kwanza: saa ya kula, saa ya kulala, na kwenda masomo. Mengine yatafuata, na yasipofuata si neno.

Kisha mtazameni binti mkubwa. Bukavu mtoto anachota maji, anapandisha bido (dumu la maji) mlimani, anampakata mdogo wake. Hilo si ugonjwa, sote tulikulia humo, na mtoto anayejua kusaidia hujiheshimu. Tofauti iko kwingine. Je, anakosa masomo ili akae na mama? Anaamka usiku kusikiliza kama mama anapumua? Anaambiwa madeni ya baba na siri za kitanda? Anaonja chakula mwisho, baada ya kuhakikisha wote wameshiba? Hapo amekuwa mzazi. Mwambieni kazi zake ni zipi, mzitaje, na zile zilizozidi zichukuliwe na mkubwa hata kama mkubwa mwenyewe anazifanya vibaya. Usitegemee afurahi. Binti mmoja aliponyang'anywa funguo za stoo alilia siku mbili, kwa sababu zile funguo ndizo zilizokuwa zikimpa imani kwamba nyumba haitaanguka. Alipewa kazi ndogo badala yake, akatulia polepole.

Mzazi mgonjwa naye asiondolewe kabisa. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha: amelala kwenye mkeka, mtoto pembeni, anamsimulia hadithi au anasukwa nywele na mtoto. Simu iwe mbali. Asimfundishe, asimkosoe. Akipata la kumsifu aliseme jambo lenyewe: "Umemvisha mdogo wako viatu bila kutumwa." "Wewe mtoto mzuri" haimwambii kitu.

Hatua ya 6: Hofu ipandwe ngazi kwa ngazi

Mzazi mwenye wasiwasi humkinga mtoto kwa kumzuia: usiende, kaa hapa, nitakusindikiza hadi mlangoni. Leo inasaidia. Kesho hofu imekula kipande kingine cha dunia ya mtoto. Mtafiti Golda Ginsburg na wenzake waliwafundisha wazazi wenye ugonjwa wa wasiwasi, pamoja na watoto wao wa miaka 6 hadi 13, katika familia 136, kuiacha tabia hiyo na kuzikabili hofu kidogo kidogo. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliopata ugonjwa wa wasiwasi walikuwa kama 5 kwa 100, na katika familia zilizopewa maelezo tu walikuwa kama 31 kwa 100. Hayo ni matokeo ya 2015, na mimi sijaona kinga nyingine ya watoto yenye pengo kubwa hivyo.

Mfano. Tangu milio ya risasi ya Februari 2025 hapa Bukavu, mtoto wa miaka minane hataki kutengana na mama, na mama naye anatetemeka akimfikiria akiwa njiani. Pangeni ngazi pamoja, kuanzia rahisi: siku tatu mama anamsindikiza hadi lango la masomo. Siku tatu zinazofuata, hadi kwenye kona. Kisha mtoto wa jirani anamchukua mlangoni, mama anabaki. Kisha anakwenda na wenzake. Kila ngazi irudiwe hadi moyo utulie, ndipo mpande. Hofu ikirudi, shukeni ngazi moja, msishuke hadi chini. Na mama anapoachia mkono, ashushe pumzi ndefu na aseme "utaweza", hata kama goti linacheza. Mtoto anausoma uso kabla ya maneno.

Ngazi ni ya hofu iliyozidi, si ya hatari halisi. Risasi zikilia, mtoto alale chini, na kesho hakuna masomo. Usimfundishe mtoto wa Bukavu kwamba hakuna cha kuogopa. Mfundishe kutofautisha leo na siku ile.

Hatua ya 7: Kijana ajifunze kuhoji kichwa chake

Vikao vya Garber vilihusu hasa jambo hili. Kijana anaandika tukio, anaandika kichwa kilisema nini, kisha anajiuliza: nina ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Rafiki yangu angeniambia hivi, ningemjibuje? "Rafiki hakunisalimia pale mjini Nyawera, amenichukia" inakuwa "pengine hakuniona, kulikuwa na msongamano". Sambamba na hayo, kila wiki achague vitu viwili vinavyomtoa nje: mpira, kwaya, kuogelea, kumsaidia fundi. Avifanye hata siku asiyotaka, kwani katika sonona hamu huja baada ya mguu.

Masomoni mwalimu aambiwe sentensi moja: "Mzazi wake anaumwa, ukiona amebadilika tuite." Jina la ugonjwa si lazima.

Hatua ya 8: Lini kinga haitoshi

Mpeleke mtoto mwenyewe kwa muganga akiwa na haya kwa zaidi ya wiki mbili: amejitenga na wenzake, hataki kula au hapati usingizi, pointi zimeporomoka ghafla, maumivu yasiyo na ugonjwa kila asubuhi. Kwa kijana tazama hasira kabla ya machozi, na pombe. Usimpe vidonge vya mama. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 dawa za sonona hazianzishwi kituoni, na kwa kijana tiba ya kwanza ni mazungumzo.

Mtoto akisema anataka kufa, au mzazi akisema, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali halipandi wazo, linafungua mlango. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Dawa ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote vitoke nyumbani usiku huo, vikae kwa jirani. Asubuhi isisubiriwe kama hospitali inafikika.

Hatua ya 9: Karatasi ya siku mbaya

Sonona hurudi. Mzazi akiwa amepata nafuu, kaeni na watoto muandike ukurasa mmoja: dalili za kwanza ambazo sote tumeziona (mama anaacha kuchana nywele, baba anaanza kulala na viatu), nani anapigiwa simu, watoto wanalala wapi, pesa kidogo ya pikipiki imewekwa wapi, dawa ipi alikuwa akitumia. Mtoto mdogo achore badala ya kuandika. Ibandikeni ndani ya mlango wa kabati, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo mtazame kama zile namba bado zinapatikana.